Njia Iliyohama Kimbo

Asubuhi ya Kimbo, mtaa wa pembeni mwa Ruiru, huanza na ukungu. Hutoka upande wa mto, hupanda polepole kati ya ploti za nyumba za kupanga, na huficha miguu ya watu. Ukisimama kando ya barabara utaona vichwa na mabega tu, vikielea kuelekea steji ya matatu. Ngina aliipenda saa hiyo kuliko saa nyingine zote.

Ngina alikuwa muuza miche. Kitalu chake kilikuwa kando ya barabara, kwenye ile ardhi iliyoachwa wazi kwa ajili ya barabara, ambayo watu huiita rizavu. Hapo alipanga mifuko myeusi ya udongo, na ndani yake miche ya avokado, mikima ya mbao, jakaranda na maua ya bogainvilia. Katikati ya kitalu palipita njia ya miguu. Hakuna aliyeichimba njia hiyo. Nyayo za watu ndizo zilizoifanya, mwaka baada ya mwaka, kutoka nyumba za ndani mpaka steji. Mtu wa Kimbo aliyekwenda kazini Ruiru au Thika alipita mbele ya miche ya Ngina. Jioni akirudi alipita tena. Na hao wapitaji ndio walionunua.

Ngina alikuwa na tabia moja. Akiumwagilia mche maji, aliutafutia nyumba.

"Wewe," aliuambia mche wa avokado, "wewe utakaa Mwiki, nyuma ya ploti ya ghorofa. Kuna mama atakufungia kamba ya nguo. Vumilia."

Aliona kila kitu. Aliiona kamba, aliiona nguo ya mtoto ikipepea, aliiona hata paka chini ya kivuli. Mumewe Ngigi, fundi katika kiwanda kimoja cha Thika, alikuwa akimcheka.

"Mama Shiko, wewe unaota ukiwa umesimama."

"Afadhali mimi niotaye nimesimama. Wewe ukiota unakoroma mpaka jirani anagonga ukuta."

Basi siku moja walifika vijana wenye makoti ya rangi ya machungwa. Walikuwa na darubini ya kupimia yenye miguu mitatu. Walisalimia vizuri. Wakatembea juu na chini kwenye ile njia ya miguu, wakichungulia na kupigiana mbinja. Kisha wakapigilia vigingi vya mbao kila upande wa njia. Vichwa vya vigingi walivipaka rangi nyekundu.

"Hii ni ya nini?" Ngina aliuliza.

"Ni mradi wa usafiri, mama. Kutakuwa na mkutano, mtaelezwa." Wakapanda gari lao wakaenda.

Alitaka kuuliza zaidi, lakini alikuwa amekaa kwenye rizavu bila kibali, na mtu asiye na kibali huwa na ulimi mfupi.

Chege alikuja mbio. Chege alikuwa jirani yake, mwosha magari, mtu wa maneno mengi na buti za mpira.

"Umeona? Nyekundu!" alisema. "Wakipaka nyekundu, jua umeenda. Hapo ndipo tingatinga litapita."

"Wamesema ni mradi wa usafiri."

"Ehe! Usafiri. Na wewe ndiye utasafirishwa." Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Ving'oe, Mama Shiko. Sema ni mbuzi."

"Mbuzi gani anang'oa kigingi?"

"Wa Kimbo wanaweza."

Ngina alikataa. Alizaliwa Gatundu, kwenye mashamba. Huko alikua akiambiwa kwamba mpaka uliowekwa na mtu mwingine haung'olewi. Aliyeng'oa mpaka, hata chakula chake wazee hawakukila. Lakini hofu ilikuwa imemwingia. Usiku hakulala vizuri. Aliota tingatinga la manjano likitembea taratibu juu ya miche yake, bila sauti, kama ng'ombe anayekula nyasi.

Asubuhi alipata wazo. Kule kwao Gatundu shamba hutenganishwa na shamba kwa itoka. Itoka, au matoka yakiwa mengi, ni mmea wa majani marefu, wenye kichwa kama kitunguu chini ya udongo na ua jeupe juu. Mkikuyu akiona matoka yamepandwa kwa mstari, anajua hapo ni mwisho wa shamba la mtu. Havuki ovyo.

"Sitang'oa kigingi cha mtu," Ngina alijiambia. "Lakini na mimi nitaweka changu."

Alikwenda kwa kaka yake Gatundu, akarudi na gunia la matoka. Akayapanda mbele ya vigingi, mstari mnene, kutoka barabarani mpaka kwenye mtaro wa maji nyuma ya kitalu. Mstari ule ulikata njia ya miguu katikati. Alipomaliza alisimama akaangalia. Palipendeza. Palionekana kama mahali penye mwenyewe.

Kesho yake mama mmoja mzee alikuja na kikapu, akitoka kanisani. Alifika kwenye matoka, akasimama. Akayaangalia. Akamwangalia Ngina. Akageuka, akazunguka mbali, akapitia kando ya ukuta wa ghala moja la bondeni. Wa pili akamfuata. Wengine hawakuwa Wakikuyu na hawakujua itoka ni nini, lakini waliona walio mbele wanazunguka, nao wakazunguka. Mtu wa kuwahi kazi haulizi maswali. Anafuata mgongo ulio mbele yake.

Basi njia ikahama. Ile ya zamani ikaanza kuota nyasi.

Baada ya muda walikuja vijana wengine. Hawa walikaa kwenye viti vya plastiki kando ya barabara, kila mmoja na kifaa kidogo mkononi. Mtu akipita, kijana anabonyeza. Yule aliyekaa karibu na Ngina alikaa tangu asubuhi mpaka jioni bila kubonyeza sana. Alisinzia. Ngina alimpelekea chai.

"Mnahesabu nini?"

"Watu wanaopita."

"Hapa hapapiti watu," Ngina alisema, na alifurahi kusema hivyo. Kama hakuna wa kuhesabiwa, alifikiri, basi hakuna kitakachojengwa. Wataniacha.

Lakini furaha yenyewe ilikuwa ya ajabu. Asubuhi ukungu ulikuja kama kawaida, ila ndani yake hapakuwa na vichwa wala mabega. Ulikuwa ukungu mtupu. Watu walipita kule mbali, kando ya ukuta wa ghala, sauti zao zikisikika kama redio ya nyumba ya tatu. Mche wa avokado alioutafutia nyumba Mwiki ulizidi kurefuka mfukoni. Hakuna aliyeuulizia.

Mama mkwe wake, Wamboi, alikuwa kwa binti yake huko Mwiki wakati huo wote. Aliporudi, alishuka steji, akaja na fimbo yake kwenye njia aliyoizoea. Akayakuta matoka.

"Ngina!" aliita. "Nani ameuza hapa?"

"Hakuna aliyeuza, maitũ," Ngina alijibu, akimwita mama kwa Kikuyu.

"Na nani amenunua?"

"Hakuna."

"Basi hii itoka imepandwa na nani?"

"Ni mimi, maitũ. Kuna watu waliweka vigingi. Niliogopa."

Wamboi aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Magoti yalimuuma. Akaongea kwa sauti ya chini.

"Sikiza, mwana wangu. Itoka hupandwa na watu wawili. Huyu wa huku na yule wa kule. Wanakutana, wanakubaliana, wanapanda pamoja, na watu wanaona. Sasa wewe ulikubaliana na nani?"

Ngina aliinama akagusa jani la itoka.

"Ulipanda na nafsi yako," Wamboi alisema. "Na mimi sasa nipite wapi? Huko kando ya ghala? Mvua ikinyesha kule ni ziwa. Haki, utanizika na gambuti za mvua miguuni."

Hapo Ngina alicheka, na machozi yakamtoka.

Jumapili ilitangazwa kanisani kwamba kutakuwa na mkutano wa kutoa maoni kuhusu ule mradi wa usafiri, katika uwanja wa shule. Chege alisema ni mkutano wa kudanganyana na soda. Ngigi alisema, "Twende tusikie. Kama ni soda, basi tutakunywa." Wakaenda wote. Hata Chege.

Hema lilikuwa limesimamishwa, na ramani kubwa imetundikwa kwenye kamba. Ilipepea kidogo kwa upepo. Mwenye kueleza alikuwa kijana mmoja kutoka ofisi ya mipango ya usafiri. Jina lake Mwanzia. Kwao ni Matuu, lakini alikua Thika. Alivaa viatu vilivyong'aa sana, na akina mama walivitazama kwanza kabla ya kumtazama yeye.

"Habari zenu, wazazi. Mimi sikuja kuwaambia kitu kimeamuliwa," alisema. "Nimekuja na penseli. Huu mnaouona ni mpango wa miaka ishirini."

"Ishirini!" mzee mmoja alisema. "Mimi nitakuwa nimeshaenda mbinguni. Huko mna kituo?"

Watu wakacheka. Mwanzia naye akacheka.

"Huko hatujapima bado, mzee. Lakini sikiza. Leo Thika inakua, Ruiru inakua, Mwiki na Kahawa Wendani zinakua. Kila mtu akijenga apendavyo, siku tutakayotaka kupitisha basi au treni, hapatakuwa na pa kupita. Itabidi tubomoe nyumba za watu. Ndiyo maana tunachora mapema. Ukichora mapema unaumiza watu wachache."

Alieleza polepole. Mpango una hatua. Hatua ya kwanza ni ndogo: njia za miguu, mitaro ya maji, taa, na mahali salama pa kuvukia barabara. Hatua ya pili ni mabasi makubwa yenye njia yao peke yao, yasiyokaa kwenye foleni. Baadaye sana, mabasi hayo yataunganishwa na treni, ili mtu ashuke hapa na kupanda pale bila kutembea mwendo mrefu.

"Kwa nini muanze na njia ya miguu?" Ngigi aliuliza. "Sisi tunataka basi."

"Kwa sababu hakuna anayezaliwa ndani ya basi, baba. Kila abiria kwanza hutembea. Asipoweza kufika kituoni, basi litapita tupu."

Ngina aliitazama ramani. Ilikuwa na mistari ya rangi, na mwanzoni hakuelewa. Kisha macho yake yakaingia ndani yake kama mtu anayeingia kwenye maji. Aliiona barabara yao. Aliliona kanisa. Akaona kituo, kimeandikwa kwa bluu, na watu wadogo wamechorwa wakisubiri. Ghafla aliwaona wakitembea. Aliona mwanamke na kikapu, msichana na begi la shule, mzee na fimbo, wote wakielekea kwenye basi refu jeupe lililofungua milango bila kelele.

Lakini walikuwa wakipita mahali pabaya. Mstari wa njia ya miguu ulikuwa kando ya ukuta wa ghala. Na kituo nacho kilikuwa huko huko.

Aliinua mkono kabla hajafikiri. "Samahani. Mbona njia inapita kwenye maji?"

"Maji gani, mama?"

"Huko mvua ikinyesha ni ziwa," Wamboi alidakia.

Mwanzia aliinama akaangalia. "Mwanzo tuliiweka huku," alisema, na kidole chake kikagusa mahali ambapo Ngina alipajua, "kwenye njia ya zamani. Vijana wetu waliweka vigingi wapime upana wake. Lakini tulipohesabu watu, hapa karibu hapakupita mtu yeyote. Watu walipita ghalani. Sisi hufuata watu. Ndivyo tunavyopanga."

Ngina alisimama. Chege, aliyekaa nyuma yake, alimvuta sketi.

"Keti," alinong'ona. "Ukisema tu, wanakuja kukutoa. Wewe huna kibali. Keti, Mama Shiko."

Ngina alijua Chege hakukosea. Kile kitalu ndicho kilichompeleka binti yake Shiko shule. Angenyamaza tu, kituo kingejengwa mbali na yeye angebaki na miche yake. Angebaki kwenye ukungu mtupu. Na mama mkwe wake angevuka ziwa na fimbo miaka yote iliyobaki, pamoja na kila mzee wa Kimbo.

Aliivuta sketi yake kutoka mkononi mwa Chege.

"Watu hawakupita kwa sababu yangu," alisema. "Mimi ndimi niliyewafungia."

Alieleza yote. Vigingi, nyekundu, tingatinga, matoka. Wazee walitikisa vichwa. Akina mama walisema "Haiya!" Mwanzia alikuwa amefungua mdomo.

"Kwa hivyo," alisema polepole, "maua yalihamisha kituo?"

"Si maua," Wamboi alisema. "Ni itoka."

Kijana alicheka mpaka akashika nguzo ya hema. Halafu akawa mtu wa kazi tena.

"Mama, asante. Na sisi tumekosa. Tuliweka vigingi bila kukaa na nyinyi tukawaeleza. Vile havikuwa vya kubomoa. Vilikuwa vya kupima. Na nikwambie kweli, sitakuficha. Njia ikirudi kwako, kitalu hakitakaa pale pale. Kitasogea nyuma. Lakini mtu anayefanya kazi mahali pa mradi ni lazima asikizwe, hata kama yuko kwenye rizavu. Ukijificha, sisi hatujui kama uko. Ramani inachorwa kana kwamba pale ni nyasi tu."

"Sasa nifanye nini?"

"Sema mapema, wakati bado ni penseli. Sema kwa mdomo kama leo, au andikeni pamoja mlete ofisini kabla ya siku ya mwisho ya maoni. Semeni mnapita wapi, maji yanasimama wapi, nani hawezi kupanda ngazi. Na usiseme peke yako. Mkiwa wengi tunasikia vizuri zaidi. Sisi nasi tutarudi kuhesabu upya, lakini kwanza ile itoka itoke."

"Haiwezi kutolewa na mtu mmoja," Wamboi alisema. "Wewe utakuwepo. Wewe ndiye wa upande ule mwingine."

"Mimi ni Mkamba, shosho," Mwanzia alisema, kama anayemwita bibi yake.

"Kwani Wakamba hamna mipaka? Kuja."

Akaja kweli, na viatu vyake vya kung'aa. Ngina alishika jembe, Mwanzia akashika upande wa pili wa kila shina, na Wamboi akasimama kati yao kama mwamuzi wa mpira. Watu wa steji walikusanyika kutazama. Itoka ya mwisho ilikuwa imeshika udongo sana. Ilipochomoka, kijana alikaa chini matopeni.

"Sasa tumekubaliana," Wamboi alisema.

Chege alicheka kuliko wote. Halafu yeye mwenyewe alileta mpira wake wa maji, akaviosha vile viatu bure.

Haikutosha kung'oa. Watu walikuwa wamezoea ghalani. Ngina alifyeka nyasi, akasimama hapo asubuhi akiwaita. "Piteni! Pako wazi! Shosho, pita!" Mama mzee wa kikapu alikuja, akasimama mahali palipokuwa na mstari, akaangalia chini. Kisha akavuka. Walio nyuma wakamfuata mgongo.

Jioni walikutana kanisani, akina mama, wenye ploti, watu wa steji, wakaandika maoni yao pamoja. Shiko ndiye aliyeshika kalamu kwa sababu mwandiko wake husomeka. Waliomba njia ya zamani irudishwe. Waliomba mtaro kule ghalani hata kama njia haipiti huko. Waliomba kivuko cha chini, usawa wa barabara, si daraja la ngazi, kwa ajili ya wenye magoti kama ya Wamboi. Chege aliomba maji ya kuoshea magari yapate mahali pa kwenda. Ngina aliomba kitalu kionyeshwe kwenye ramani.

Vijana wa viti vya plastiki walirudi. Safari hii yule aliyekaa kwa Ngina hakupata nafasi ya kusinzia. Alibonyeza mpaka kidole kikamuuma, na chai yake ikapoa.

Mambo ya serikali huenda kwa mwendo wake. Mvua zilipita, na nyingine zikapita. Wakati mwingine Chege alisema, "Si niliwaambia?" Lakini Ngigi na wenzake walikwenda ofisini kuulizia, wakarudi, wakaenda tena. Mwishowe ramani mpya ilibandikwa kwa chifu. Mstari ulikuwa umerudi. Si yote waliyoomba waliyapata. Taa zilisogezwa mpaka hatua ya pili. Lakini kivuko kilikuwa cha chini. Na nyuma ya njia palikuwa na kisanduku kidogo cha kijani, kimeandikwa: kitalu cha miche.

Ngina alikigusa kwa kidole. Alihisi kama ameona jina lake kwenye habari.

Leo hatua ya kwanza imekamilika. Njia ya miguu imewekwa mawe, na mtaro upo pembeni. Kule ghalani maji hayasimami tena. Ngina alisogea nyuma kama alivyokubali, na sasa ana kibali cha kaunti. Wanaopita ni wengi kuliko zamani, kwa maana hata wa viti vya magurudumu na wenye watoto mgongoni hupita bila shida. Ule mche wa avokado ulinunuliwa na mwalimu mmoja wa Kahawa Wendani. Si Mwiki. Ngina alikubali kwamba hata ndoto hukosea mtaa.

Mabasi bado. Mahali pa kituo ni nyasi, nusu imekauka, na mbuzi mmoja wa mtu.

Asubuhi moja, ukungu ukiwa bado chini, alikuja mwanamke ambaye Ngina hakumjua. Alikuwa na begi na mtoto mchanga.

"Habari ya asubuhi, mama. Mimi ni mgeni, nimehamia juzi. Nimesikia hapa kuna kituo cha basi kubwa. Kiko wapi?"

"Pale," Ngina alisema, akanyoosha kidole kwenye nyasi.

Mwanamke alitazama. "Sioni kitu."

"Bado. Lakini ni pale. Mlango wa basi utafunguka hapo alipo mbuzi. Kutakuwa na bati la kukinga mvua, na benchi. Na wewe hutapanda ngazi na huyo mtoto."

"Umejuaje?"

"Tulisema, na wakaandika."

Mwanamke aliendelea kutazama. Kisha, labda kwa uchovu tu, alikwenda mpaka mahali pale penye nyasi, akaweka begi chini, akambadilisha mtoto bega. Akasimama hapo kidogo, ameelekeza uso barabarani, kama mtu anayesubiri.